Nyaya za Plagi Katika Injini ya Ndege

Wasomaji wengi wamepata kuiona ndege ndogo mwishoni mwa uwanja ikingurumisha injini, imesimama tu, kana kwamba rubani amesahau njia. La, hakusahau. Anazijaribu magneto zake, na jambo analolisikiliza hutegemea sana nyaya chache ambazo abiria hawazioni kamwe.

Injini ya ndege kama Cessna 172 ina silinda 4, na kila silinda ina plagi 2. Magneto nazo ni 2, ili moja ikifa nyingine iendelee kuwasha mafuta. Hivyo nyaya ni 8. Umeme upitao humo waweza kufika volti 20,000, nao hutafuta daima njia fupi ya kutorokea. Kwa sababu hiyo waya umevikwa mpira mzito, na juu yake ganda la nyuzi za madini zilizosukwa, lizuialo umeme usitie makelele katika redio.

Adui wa kwanza ni mkono wa fundi mwenyewe. Akikishika kwa vidole kile kichwa cha waya kiingiacho ndani ya plagi, jasho na mafuta ya ngozi hubaki pale, na umeme hupata njia ya kutambaa pembeni badala ya kutoa cheche. Fundi mwangalifu hukipangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti, hungoja kikauke, kisha hukiingiza kikiwa kimenyooka. Hukaza nati kwa spana ya kipimo, huku mkono wa pili umeushika waya usizunguke pamoja nayo. Waya uliosokotwa hukatika ndani, na kwa nje huonekana mzima. Hili ndilo kosa la haraka, na haraka huzidi jioni.

Kadhalika waya usilale juu ya bomba la moshi wala usisuguane na chuma. Mpira ukipasuka, waya hubadilishwa, haufungwi utepe.

Waya wenye ufa waweza kufanya kazi vyema chini, ukashindwa angani, kwa maana hewa ya juu ni nyembamba na haizuii umeme kama hewa ya pwani. Ndiyo sababu mafundi huupima kwa chombo maalumu cha umeme mkali, wala hawatosheki na macho. Na ndiyo sababu ya yule rubani: huzima magneto moja kwa muda mfupi, akatazama mizunguko ya injini. Ikipungua kidogo, ni desturi. Ikipungua kupita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha ndege, au injini ikitetemeka, huigeuza ndege na kurudi kwa fundi, hata kama aliyemo ndani ni mgonjwa anayengojewa hospitali.