Kamera za ulinzi Kasongo: hesabu ianzie kwenye betri

Anayetaka kujifungia mwenyewe mfumo wa kamera za ulinzi huanza kwa kuulizia kompyuta: prosesa gani, RAM kiasi gani, diski ya ukubwa gani. Kwenye mji wenye umeme wa uhakika hakuna ubaya wa kuanzia hapo. Kasongo, kwetu mashariki mwa Kongo, ni habari nyingine. Mwenye duka, parokia au zahanati hapa anategemea paneli za jua au jenereta, na kinachoamua kama picha ya saa nane usiku itakutwa asubuhi ni wati ambazo mfumo mzima unakula bila kupumzika. Ndiyo maana naona vifaa vichaguliwe kinyumenyume: betri kwanza, kisha kamera, kisha diski, na prosesa mwisho kabisa. Ukifuata njia hiyo utajikuta, mara nyingi, umeishia kwenye laptopu iliyotumika, na kompyuta kubwa ya mezani umeiacha sokoni hata kama bei yake ni ya kutupa.

Tuchukue kamera nne za mtandao. Kila moja hula takriban wati 5, na swichi inayoziunganisha wati 5 nyingine, jumla 25. Kompyuta ya mezani ya zamani, hata ikiwa haifanyi kazi nzito, inaweza kula wati 60. Laptopu iliyofunikwa, kioo kimezimwa, hula kama 15 pamoja na diski yake. Kwa hiyo tuna mfumo wa wati 85 upande mmoja na wa wati 40 upande wa pili, yaani wati-saa 2,040 kwa siku dhidi ya 960. Paneli ya wati 100, ukitoa hasara za joto, vumbi na waya, tuikadirie kuleta wati-saa 350 kwa siku yenye jua la kawaida. Mfumo wa kwanza unadai paneli sita, wa pili tatu. Kisha uje usiku, ambao kwetu, digrii nne na ushee kusini mwa ikweta, huchukua karibu saa 12 mwaka mzima, na ndio wakati taa za infraredi za kamera zinapowaka. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema. Hesabu basi 600. Laptopu na kamera zake zinamaliza usiku kwa wati-saa 480, betri moja inatosha. Kompyuta ya mezani inataka 1,020, betri mbili, na hapo hatujaweka akiba ya siku za masika ambazo jua halionekani, wala hasara ya inveta. Fundi atakayekuambia kwamba kompyuta ya mezani ni rahisi amehesabu bei ya sanduku tu. Laptopu nayo inaweza kulishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa kigeuzi kidogo kinachopandisha volti 12 hadi 19 au 20, bila inveta kabisa, na ina betri yake ya ndani ya kuilinda umeme unapokatika ghafla katikati ya kuandika. Angalizo moja: laptopu inayokaa kwenye chaji mwaka mzima huvimba betri. Chagua aina ambayo mipangilio yake inaruhusu chaji ikomee asilimia 60 au 80.

Je, mashine dhaifu namna hiyo itaweza? Itaweza, kwa sababu kazi nzito haifanywi na kompyuta. Kamera yenyewe ndiyo inayobana picha, na kompyuta hupokea mkondo uliobanwa na kuuandika ulivyo. Kamera ya 1080p inayotoa megabiti 4 kwa sekunde huandika nusu megabaiti kila sekunde; nne huandika megabaiti 2, na hakuna diski iliyo nzima inayoshindwa na hilo. Kinachochosha prosesa ni kufungua picha ili kutafuta mtu aliyepita. Kamera nyingi hutoa mkondo wa pili, mdogo, na programu huria kama Frigate huchunguza huo mdogo kwa fremu tano tu kwa sekunde, huku mkubwa ukirekodiwa bila kuguswa. Laptopu yenye Intel Core ya kizazi cha sita, iliyotoka mwaka 2015, au ya baada yake, inafungua video iliyobanwa kwa mtindo wa H.265 kwa saketi maalumu ndani ya chipu, na hubaki na nguvu ya kumtofautisha mtu na mbuzi.

Diski ndiyo inayostahili pesa. Megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43 kwa siku kwa kamera moja, 173 kwa nne. H.265 hupunguza karibu nusu, hivyo terabaiti 2 zinakupa wiki tatu na siku kadhaa. Kadi za kumbukumbu zilizotengenezewa simu uziache simuni; kuandikwa mchana na usiku huzimaliza haraka.

Ukubwa wa picha nao una kipimo chake. Kiwango cha kimataifa IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili mtu usiyemjua atambulike, na 25 tu ili ujue kwamba kuna mtu. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo inatambua sura katika upana usiozidi mita saba na nusu. Mnunuzi wa dhahabu kule Salamabila, katika Kabambare, hahitaji kamera ya 4K inayotazama barabara nzima na kujaza diski mara nne. Anahitaji kamera ya kawaida iliyoelekezwa mlangoni kwa kimo cha uso, na ya pili juu ya mizani. Kuibana kwenye mlango wako kuna faida nyingine: Sheria ya Kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 inalinda data binafsi, na ua wa jirani si wako kuurekodi.

Wengine watasema: kwa nini tusinunue DVR, yaani kinasa video, iliyo tayari, inayokula umeme kidogo na isiyotaka ufundi? Kwa kamera mbili na mtu asiye na fundi karibu, nakubali, anunue. Ila DVR ikiungua, ubao wake utafutwe Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, au mbali zaidi. Laptopu ikiungua, diski inachomekwa kwenye nyingine ya mtaani. Tena vifaa hivyo ndivyo vilivyovamiwa kwa wingi mwaka 2016 na kirusi cha Mirai, kwa kuwa wenye navyo hawakubadilisha nywila ya kiwandani. Wazo la kutuma kila kitu kwenye wingu linaanguka mapema zaidi: kamera nne zinataka megabiti 16 kwa sekunde za kupandisha saa zote. Starlink ilipata leseni nchini mwaka 2025, lakini antena yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, zaidi ya mfumo mzima wa laptopu tuliouhesabu.

Radi pia isisahauliwe. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya pili duniani, miale 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Waya mrefu wa nje ni njia ya radi kuingia kwenye kompyuta: utie kinga iliyounganishwa na ardhi ipasavyo, na ununue waya wa shaba tupu, maana ule wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza volti kabla ya kufika kwenye kamera.

Kabla ya kulipa, zima mashine, chomoa umeme pamoja na betri yake, ngoja dakika kumi, kisha uiwashe bila intaneti uone saa yake. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya saa, mara nyingi CR2032, imekufa. Ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu video inayosema wizi ulitokea mwaka 2012 haitamsaidia mtu yeyote mbele ya polisi.