Mwera, mto usiofika baharini

Mwambie mtu wa Malindi, mjini Unguja, kwamba Jumamosi ulikwenda kuvua, atakuuliza ulipanda chombo gani, na maji yalikuwa bamvua au mafu. Ukimjibu kwamba ulikuwa shamba, ukingoni mwa Mto Mwera, ufito mkononi, atakucheka. Kwa mtu wa mjini, samaki ni wa bahari. Mnadani wanagombewa nguru, jodari na changu. Perege wa mtoni ni mchezo wa watoto waliotoka skuli. Mimi nashikilia kwamba uvuvi mgumu kuliko wote kisiwani uko huko huko kwa hao watoto. Mvuvi wa pwani angalau ana mwezi: akiutazama anajua bamvua litaingia lini na maji yatakupwa saa ngapi. Anayevua mtoni hana kalenda.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Upande wa magharibi na katikati ya Unguja kuna vilima na udongo wa kina, Masingini ikiwa ndiyo maarufu. Mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha vilimani, vijito hushuka mabondeni. Vinavyoelekea magharibi hufika pwani, kama kile cha Mtoni kilichokuwa jirani na kasri la Seyyid Said. Vinavyoelekea uwandani hukutana na mawe yenye matundu na mapango, na maji yakazama humo. Mwera, wenye jina kuliko mito yote ya kisiwa, humezwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo huo ni mto ambao leo si wa jana. Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, hufura na kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na perege haoni chambo hata ukimwekea puani. Kaskazi likikaza jua, baadhi ya mikono yake hubaki madimbwi yasiyoungana. Siku nzuri ni zile za katikati, maji yanapoanza kushuka na kutakata baada ya mvua, na hizo hazitangazwi na mtu.

Vifaa si vya kutisha. Ufito, mshipi mwembamba, ndoana ndogo kabisa ya dukani, boya la kipande cha kandambili. Chambo ni nyungunyungu wa kuchimbwa mgombani, au tonge la unga likikosekana la maana. Kazi iko kwenye subira. Perege hachukui kwa pupa. Anadona, anaacha, anadona tena. Boya linatikisika na halizami. Mwenye haraka huvuta ndoana tupu. Lazima usubiri mpaka boya lianze kwenda upande, kama linalokokotwa, ndipo uvute. Kambare ni kinyume chake: jioni, maji yakiwa machafu, humeza chochote, na tabu huanza akishatoka, maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba inayochoma vibaya.

Na usisimame. Nilisimama ukingoni nikachungulia, nikaambiwa na kijana wa miaka kumi hivi, kwa adabu zote: “Mjomba, kaa chini, kivuli chako kinaingia majini.” Nikakaa.

Msimu wa kuzaa, dume la perege hugeuka jeusi, ncha za mapezi zikapata wekundu, likachimba kishimo chini ya maji. Jike hutaga humo, kisha huyabugia mayai na kuyaatamia kinywani mpaka yaanguliwe. Mwenye mayai mdomoni hali, basi chambo chako hakimhusu.

Perege huyu ana habari zaidi ya hizo. Kabla ya 1960, samaki wa mbegu ya Zanzibar walifikishwa Malacca, katika Malaysia ya leo, ambako Mwingereza C. F. Hickling alikuwa akitafiti ufugaji wa samaki. Alipopandisha madume ya Zanzibar kwa majike ya perege wa Msumbiji, watoto wote walitoka madume. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa perege wakichanganyika bwawani huzaana mpaka wote wakadumaa. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa Uingereza, alimpa wa Zanzibar jina la kisayansi la hornorum. Asili ya aina hiyo inatajwa pia kuwa Mto Wami, bara. Damu yake imo katika perege wekundu waliozalishwa Florida miaka ya 1970. Hapa kwetu bado anadharauliwa.

Yupo mwingine, mdogo kuliko kidole, ambaye huwezi kumvua kwa ndoana. Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Georg Pfeffer mwaka 1893, ni wa Unguja, na wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani humtunza kwa fahari: dume lina mkia mwekundu na magamba ya buluu. Huyu huishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa; mayai hubaki yamelala kwenye tope mpaka mvua irudi, ndipo yakaanguliwa, wakakua kwa wiki chache na kutaga tena. Tukijaza kifusi kwenye bonde kavu ili tujenge, hatumwoni tunayemfukia.

Tope hilo hilo lina wengine wanaongoja. Konokono wa Bulinus globosus, anayebeba kichocho cha mkojo, naye huvumilia ukame na kuibuka na mvua. Kwa miaka mingi serikali imegawa dawa ya prazikwanteli Unguja na Pemba, na maambukizo yamepungua sana, lakini bado mzazi ana haki ya kugomba akimwona mwanawe ameingia maji ya magoti kufuata ndoana iliyonasa. Iache. Ndoana ni rahisi kuliko matibabu.

Ukiwapata wanne watano, usiwapeleke mjini. Watoe matumbo pale pale, uwatie ndimu na chumvi uwaache kidogo, halafu uwakaange kwa moto mkali mpaka mifupa midogo iwe ya kutafuna. Wakubwa watasema wananuka tope. Hao ndio waliozoea changu.