Vitenzi Vidogo Vinavyoamua Nani Anadaiwa Nini

Tarehe 21 Septemba 2020, David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Wabunge walikuwa wameshindwa kupitisha sheria ya kuhakikisha kwamba hakuna jinsia inayozidi theluthi mbili ya viti katika vyombo vya kuchaguliwa. Maraga hakuachiwa hiari. Ibara ya 261(7) ya Katiba ya mwaka 2010 inaeleza kwamba mambo yakifika hapo, Jaji Mkuu "shall" amshauri Rais, na Rais naye "shall" alivunje Bunge. Jaji Mkuu alitekeleza upande wake. Upande wa pili uliishia mahakamani, na wabunge wakakaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022.

Huwa naanza na kisa hiki ninapofundisha vitenzi visaidizi vya Kiingereza, kwa sababu kinamwonyesha mwanafunzi mapema kwamba somo hili halihusu mtihani peke yake. Nchi nzima inaweza kubishana juu ya kitenzi ambacho hata hakina maana kikisimama peke yake.

Vitenzi visaidizi vya namna hii ni tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Ubaoni tunaviandika katika jedwali, kila kimoja na tafsiri yake pembeni: must ni lazima, can ni kuweza, may ni ruhusa, tumemaliza. Halafu tunapitia umbo. Havichukui "s" hata mtendaji akiwa she, havifuatwi na to, wala viwili haviandamani. Kanuni hizo ni za kweli, na aliyezishika haandiki tena "she cans" wala "must to go". Lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya somo. Ngumu ni kujua nani ana mamlaka juu ya nani katika sentensi, na msemaji ana uhakika kiasi gani na anachokisema. Jedwali halionyeshi lolote kati ya hayo, na nadhani ndiyo sababu tunapata wahitimu wanaojaza nafasi zilizoachwa wazi bila kosa, kisha wanasaini mkataba wasiouelewa.

Historia inasaidia. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, shall ilikuwa na maana ya kudaiwa. May ilikuwa kuwa na nguvu, ndiyo maana might hadi leo ni nomino ya nguvu. Can ilikuwa kujua. Will ilikuwa kutaka, na hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani: wanaisimu wanaeleza kwamba hata "ta" yetu ya wakati ujao, ile ya "nitakwenda", ilitokana na kitenzi "taka". Watu wa lugha mbili zisizo na undugu wowote walichukua kutaka wakajengea kesho yao.

Deni lile la shall halijafutika. Mwanasheria anapoandika kwamba mwajiri "shall" atoe likizo, anasema mwajiri anadaiwa likizo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ndivyo inavyosema kuhusu likizo ya mwaka: siku zisizopungua 28 mfululizo, na kitenzi chake ni shall. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, haikutaka hata kuliacha jambo hili kwa wabishi. May ikitumika kumpa mtu mamlaka, anaweza kuyatumia au asiyatumie, kwa hiari yake. Shall ikitumika kumpa jukumu, jukumu hilo ni la kutekelezwa.

Sasa chukua mkataba wa kazi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini mikataba mingi ya ajira bado huandikwa kwa Kiingereza, na anayekwenda kufanya kazi Muscat au Doha huletewa karatasi ya Kiarabu na Kiingereza. Tuseme humo kuna sentensi mbili. Ya kwanza: "The employer shall provide food and accommodation." Ya pili: "The employer may provide food and accommodation." Msomaji mwenye haraka ataona chakula na malazi katika zote mbili, atashukuru, atasaini. Lakini katika ya pili hakuahidiwa hata kikombe cha chai. Mwajiri amejipa nafasi ya kutoa akipenda, na asipotoa hakuna pa kumshitaki kwa maneno hayo.

May hiyohiyo ina sura nyingine. "No worker may leave the premises without permission" haina hiari yoyote ndani yake. Ni katazo kamili. Ruhusa ikishakanushwa inakuwa marufuku. Anayeijua may kwa tafsiri yake ya jedwali tu atapotea hapo.

Watu wa sheria nao hawajakubaliana kuhusu shall. Desemba 2012, Mahakama ya Upeo ya Kenya iliombwa maoni juu ya kanuni ileile ya theluthi mbili, ambayo katika Ibara ya 81 imewekwa kwa shall. Majaji wengi waliona kwamba ni jambo la kutekelezwa hatua kwa hatua, sheria yake ipitishwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, alipinga. Kwake wakati wa kutekeleza ulikuwa palepale. Afrika Kusini walikwishalikwepa neno hilo: katiba yao ya mwaka 1996 inaagiza kwa must. Marekani nayo, ilipoandika upya kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho mwaka 2007, iliitoa shall, mahali pake pakawekwa must, may au should kulingana na maana iliyokusudiwa. Mimi naona walifanya vema. Neno ambalo siku hizi mtu wa kawaida hulisikia katika "shall we go?" halifai kubeba haki za watu.

Must yenyewe, hata hivyo, ina mtego unaowanasa hasa wasemaji wa Kiswahili. Sisi tunasema "si lazima uje", na maana yake ni kwamba uje usije, hakuna neno. Mwanafunzi anachukua lazima anaweka must, anachukua kikanushi anaweka not, anapata "you must not come". Hapo amemkataza mgeni asikanyage. Alichotaka kusema ni "you don't have to come". Kwenye karamu ni aibu ndogo. Kwenye dirisha la dawa ni jambo jingine: "You must not take this with food" inamwambia mgonjwa asimeze dawa hiyo pamoja na chakula kabisa, na "you don't have to take this with food" inamwambia kula au kutokula hakuna tofauti. Nikipewa dakika kumi tu na darasa, nitazimalizia hapo.

Upande wa uhakika ni rahisi kwetu kuliko tunavyodhani. "She must be at home" haimwamrishi mtu kukaa nyumbani. Ni kukisia kwa nguvu, kama tunavyosema "lazima atakuwa nyumbani". Might ni huenda. Na maandishi ya "may cause drowsiness" kwenye pakiti ya dawa hayasemi dawa imeruhusiwa kuleta usingizi, yanaonya kwamba huenda ikauleta.

Imebaki adabu. Kiswahili huiweka katika naomba, katika tafadhali, katika salamu zinazotangulia. Kiingereza huiweka kwa kiasi kikubwa katika could, would na might, kwa hiyo barua pepe ya "you must send me the letter today" kwenda kwa profesa wa ng'ambo inasomeka kama amri ya bosi, hata mwandishi awe mnyenyekevu namna gani. Na profesa akijibu "you might want to look at chapter three again", mwandishi huyo asidhani ameachiwa hiari. Ameambiwa airudie sura ya tatu.

Watoto wetu wana msingi mzuri wa kulijua hili. Anayejua nani anapewa shikamoo na nani anaambiwa mambo, tayari anapima vyeo kila anapofungua mdomo. Mpe ombi moja tu, la kuazima kitabu, aliandike kwa rafiki, kwa mkutubi, kisha kwa profesa asiyemjua. Atoke na "can you lend me", apite "could I borrow", afike "I wonder if I might borrow". Kisha mwulize kwa nini sentensi zimerefuka, na umwache ajibu kwa Kiswahili.