Saratani ya Mji wa Mimba: Jeni Zinavyotofautisha Daraja la Chini na la Juu

Saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Ni ugonjwa tofauti na saratani ya mlango wa kizazi, na dalili yake kuu ni kutokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma. Ugonjwa unapothibitishwa, majibu ya maabara hutaja daraja lake, neno ambalo wengi hulichanganya na hatua. Hatua hueleza ugonjwa umeenea umbali gani mwilini. Daraja hueleza seli zake zimepotoka kiasi gani kutoka katika umbo la asili.

Daktari wa patholojia hukadiria daraja kwa kuchunguza kipande cha nyama chini ya hadubini. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, iitwayo endometrioidi, seli bado hujipanga na kuunda tezi. Sehemu ya uvimbe iliyopoteza mpangilio huo na kuwa bonge tupu isipozidi asilimia 5, hilo ni daraja la 1. Ikiwa asilimia 6 hadi 50, ni la 2. Ikizidi 50, ni la 3. Madaraja mawili ya kwanza huitwa ya chini, na la tatu huitwa la juu. Aina ya serasi huhesabiwa kuwa ya daraja la juu moja kwa moja.

Tofauti hizi za umbo zina mizizi katika utendaji wa jeni. Takriban seli zote za mwili hubeba jeni zile zile, lakini si zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Jeni inapofanya kazi, maagizo yake hunakiliwa kuwa RNA, na nyingi ya nakala hizo hutumika kutengeneza protini. Kwa kupima wingi wa nakala, wanasayansi hutambua jeni zipi zimechangamka na zipi zimenyamaza.

Katika uvimbe wa daraja la chini, jeni za vipokezi vya estrojeni na projesteroni kwa kawaida huendelea kufanya kazi, hivyo seli bado huitikia homoni. Ndiyo maana mwanamke kijana anayetamani kuzaa, mwenye ugonjwa wa daraja la 1 ambao haujapenya misuli ya mji wa mimba, anaweza kutibiwa kwa dawa za jamii ya projesteroni chini ya uangalizi wa karibu kabla ya kuondolewa kizazi.

Katika daraja la juu, vipokezi hivyo mara nyingi hupungua au hutoweka, na jeni zinazosukuma mgawanyiko wa seli huchangamka. Katika aina ya serasi hasa, jeni TP53, ambayo huzuia seli yenye kasoro isiendelee kugawanyika, huwa imeharibika.

Hata hivyo, umbo halisemi yote. Mwaka 2013, watafiti wa mradi wa Marekani wa Atlasi ya Jenomu ya Saratani walichapisha uchambuzi wa vivimbe 373, wakavigawa katika makundi manne kwa sifa za jeni. Takriban robo ya vivimbe vya endometrioidi vya daraja la juu vilifanana kijenetiki na aina kali ya serasi. Kinyume chake, vivimbe vyenye kasoro katika jeni POLE, ambavyo vingi huonekana vibaya chini ya hadubini, hurudi kwa nadra baada ya matibabu. Wanawake wawili wenye daraja la 3 wanaweza basi kuhitaji matibabu tofauti kabisa: mmoja kuongezewa dawa za kemikali baada ya upasuaji, mwingine kuepushwa madhara yake.

Mwaka 2023, Shirikisho la Kimataifa la Magonjwa ya Wanawake na Uzazi (FIGO) liliingiza sifa hizi katika mfumo wake wa kupanga hatua, pale vipimo vinapopatikana. Kipimo cha POLE huhitaji kusoma mfuatano wa jeni, lakini hali ya protini ya p53 huweza kuonekana kwa kupaka rangi maalumu kipande kile kile cha nyama. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake iwapo kipimo hicho kimefanyika.

Vipimo vyote hivi huanza na kipande cha nyama. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone moja, afike hospitali bila kusubiri irudi mara ya pili.