SARL: deni la kazi lisiingie mu nyumba

Ndugu wa mine, ukipokea dekonti na kuanza biashara kwa jina lako, kazi ikianguka deni linakufuata mupaka nyumbani. Mu SARL ni kampuni ndiyo inadaiwa. Wewe unapoteza tu feza uliyotia. Kwa sheria ya OHADA, ata mutu mumoja anaweza kuifungua: andika statuts, peleka ku Guichet Unique, upate namba ya RCCM. Tangu 2017, sheria inaachia sous-traitance kampuni za Wakongomani, ile njia tuitumie. Lakini feza ya kampuni usichanganye na ya jikoni. Na banki ikikuomba caution, ongea kwanza na bibi: ile sinyature moja inarudisha deni ku mulango wenu.