NJIA NI YETU SOTE: Sheria kwa mwenye kinga na kwa shofere



Katika ukurasa huu tunataka kufasiria jambo moja linalotuhusu kila asubuhi na kila saa ya kutoka: kutembea na kinga katika njia moja pamoja na magari. Wengi kati yetu wanakuja masomoni na kinga. Wengine wanabebwa nyuma na kaka zao. Na wale wanaokuja kwa miguu wanapita kando ya kinga na magari hayohayo. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mambo hii haiko yangu."

Wengi wanafikiri kwamba sheria ya njia ni kitu cha wenye magari na cha watu wa rulaje, na mwenye kinga anaweza kupita fasi anapenda. Si kweli. Sheria ya njia inafanya kazi kama luga. Shofere hakujui, wewe pia humjui, na hamna wakati wa kuzungumza. Lakini kama ninyi wawili mnafuata sheria moja, yeye anajua utafanya nini, na wewe unajua atafanya nini. Siku mmoja anaacha luga hiyo, mwingine hawezi tena kumsikia. Hapo ndipo ajali inazaliwa.

1. Sheria yetu inatoka wapi?

Inchi yetu iko na sheria ya njia nambari 78-022, ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, wakati inchi iliitwa Zaire. Mbele ya hapo, katika mwaka 1977, ilikuwa imeingia katika mapatano ya Vienna juu ya kutembea katika njia, yaliyofanywa tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1968. Mapatano hayo yanamhesabu mwenye kinga kuwa mwendeshaji, sawa na shofere. Ni neno la heshima, lakini liko na uzito: kama wewe ni mwendeshaji, unapashwa kutii alama za njia, taa, na mkono wa polisi, hata kama kinga yako haina moteri.

2. Kuume ao kushoto?

Hili ni swali tunalosikia sana. Kuna wenzetu wanaosema, "Weye, mi napitaka kushoto juu nione gari yenye kukuja. Ile ya nyuma, nitaionaka namna gani?" Neno hilo linaonekana kuwa na akili. Tulipime kwa hesabu.

Tuseme gari inatembea kilometri 60 kwa saa, na kinga kilometri 15 kwa saa. Kama unapita kuume, gari inatoka nyuma yako. Inakukaribia kwa 60 kutoa 15, maana yake 45. Kama iko metri 50 nyuma yako, shofere ana segonde 4 za kukuona, kupunguza mwendo ao kukuzunguka. Kama unapita kushoto, ninyi wawili mnakutana uso kwa uso, na hapo hatutoi tena, tunaongeza: 60 na 15 ni 75. Metri zile 50 zinakwisha kwa segonde 2 na nusu hivi. Umempunguzia shofere wakati, na wewe pia umejipunguzia.

Tena, shofere anayekufuata kutoka nyuma anaweza kutembea pole pole nyuma yako mpaka njia ifunguke. Lakini yule anayekuja mbele yako hawezi kukufuata. Mmoja wenu anapashwa kutoka njiani. Na katika njia-panda shofere anatazama upande magari yanatokea. Kinga inayotokea upande mwingine haiko katika mawazo yake.

Mwenye kutembea kwa miguu, yeye, inafaa apite kushoto akitazama magari, kwa maana anaweza kutoka njiani kwa hatua moja. Kinga haiwezi kuruka hivyo. Lakini angalieni vizuri: yule anayesukuma kinga kwa mikono, mapatano ya Vienna yanamwambia akae upande wa kuume, sawa na mwenye kupanda. Kinga iliyobeba mizigo ni pana, haiwezi kukwepa kwa upesi.

3. Kamyo za kusini

Hapa kwetu Katanga kuna jambo linaloongeza hatari. Wabeleji walituachia kutembea kuume, na Waingereza waliacha Zambia ikitembea kushoto. Kule Kasumbalesa kila shofere anapashwa kugeuza upande. Kamyo nyingi zinazokuja kubeba shaba na kobalti zinatoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini. Usukani wao uko kuume.

Hii ina maana gani kwa mwenye kinga? Shofere wa namna hiyo anakuona vizuri ukiwa kandokando ya njia, kwa kuwa anaikaa upande wako. Lakini anapotaka kupita gari nyingine, hawezi kuona mbele mpaka kamyo yake imetoka karibu nzima upande wa kushoto. Akiona gari inakuja, anarudi kuume kwa nguvu, na mkia wa kamyo unarudi nyuma yake. Basi ukisikia kamyo mbili nyuma yako zinashindana, usijivune na haki yako. Shuka kando, simama, ziache zipite. Fanya vilevile ukiona kamyo mbele yako inatoka nyuma ya nyingine: inaweza kuwa shofere hajakuona bado.

Kamyo yenye usukani wa kushoto nayo iko na ubaya wake. Upande wake wa kuume kuna fasi shofere haoni, hata kwa vioo. Na fasi hiyo ndiyo mwenye kinga anapenda kusimama kwenye njia-panda! Tena kamyo ndefu inapokata kuume, mara nyingi inaanza kwa kwenda kushoto kidogo. Unaona nafasi inafunguka, unaingia. Lakini magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanakata kona kwa ndani. Nafasi ile inafungwa, na wewe uko ndani yake. Kwa hiyo usiingie hata siku moja kuume kwa kamyo iliyosimama kwenye kona. Kaa nyuma yake. Kama huoni uso wa shofere katika kioo chake, yeye pia hakuoni.

4. Giza

Kwetu jua linashuka upesi, na wengi wanarudi kutoka mafundisho ya mchana ao ya kwaya wakati giza limeingia. Wakati wa ukame, moshi wa majani yanayoungua na vumbi vinaongeza giza hilo.

Tufanye tena hesabu, kama tunavyofundishwa katika fizika. Shofere akiona hatari, segonde moja hivi inapita mbele ya mguu wake kukanyaga freni. Kwa mwendo wa 80 kwa saa, segonde hiyo ni metri 22. Kiisha, hata godro ikiwa kavu na freni zikiwa nzuri, gari inaomba metri 35 hivi ili isimame. Jumla ni metri 57. Lakini taa za chini za gari zinaonyesha njia metri 40 hivi tu. Basi shofere wa 80 akiona mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa mwisho wa taa zake, hata kama ni Mkristo wa kweli na freni zake ni mpya, hawezi kusimama. Kwa 60 kwa saa anaomba metri 37: anasimama, lakini ni karibu sana. Kwa 40 kwa saa anaomba metri 20 tu. Angalieni: kutoka 40 kwenda 80 mwendo umezidishwa mara mbili, lakini metri za freni zimetoka 9 mpaka 35, maana yake mara nne.

Ndiyo sababu mapatano yanaomba kinga iwe na taa nyeupe ao ya manjano mbele, taa nyekundu nyuma, na kioo chekundu cha nyuma kinachorudisha mwanga. Kioo hicho ni kidogo kama kifuniko cha chupa na hakiombi pile. Lakini kinarudisha taa za gari kutoka mbali sana kupita nguo yako, na shofere anapata wakati. Mtu asiye na pesa ya taa, angalau atafute kioo, na avae shati nyeupe ya masomo juu ya koti nyeusi, si chini yake.

5. Kinga yenyewe

Freni. Wengine wanasimamisha kinga kwa kukanyaga mupira na kiatu. Kiatu si freni. Freni mbili zinapashwa kushika, ya mbele na ya nyuma. Mvua ikinyesha, chuma cha gurudumu kinaloana na freni hazishiki upesi. Anza kukamata freni mapema, pole pole, ili chuma kikauke.

Kengele. Sheria inaiomba. Ni kwa kuonya, si kwa kumfukuza mama mwenye mzigo kichwani.

Mikono. Angalau mkono mmoja ukae kwenye usukani saa zote. Kujishika nyuma ya kamyo ili ikuvute kwenye mlima ni jambo lililokatazwa waziwazi. Kamyo ikifunga freni, utaigonga mbele ya kusikia sauti yake.

Kukata kushoto. Hapa ndipo wengi wanaumia. Tazama nyuma kwanza. Kiisha nyoosha mkono wa kushoto. Kiisha karibia katikati ya njia, uache wanaokuja mbele wapite, ndipo ukate. Kama magari ni mengi, shuka, uvuke kwa miguu. Si haya.

Kutoka katika njia ndogo. Anayetoka katika njia ya udongo na kuingia njia kubwa anapashwa kusimama na kuacha wengine wapite. Vijia vyote vinavyotoka mitaani mpaka kwenye godro viko chini ya sheria hii.

Mtoto wa nyuma. Miguu yake ikae mbali na nyaya za gurudumu. Na kofia ngumu ya kinga, kwa yule anayeweza kuipata, inalinda kichwa wakati wa kuanguka. Lakini haichukui fasi ya freni.

6. Kwa wenye magari

Sasa tunasema na wapapa, wamama na walimu wenye magari na pikipiki, kwa heshima yote. Gari iko na uzito wa tani. Mtu wa kinga iko na ngozi yake tu. Mwenye nguvu nyingi ndiye mwenye daraka kubwa.

Kumpita mwenye kinga kunaomba nafasi. Ufaransa sheria inaomba metri 1 ndani ya muji na metri 1 na nusu inje ya muji. Tunaona kipimo hicho ni kizuri hata hapa, kwa sababu mwenye kinga anaweza kukwepa shimo la njia kwa gafula. Kama nafasi haiko, ngojeni nyuma yake. Mbele ya kufungua mlango wa gari, tazameni nyuma. Na honi kubwa karibu na sikio la mtu wa kinga haimsaidii. Inamshitusha, naye anaanguka upande wenu.

Tunawakumbuka zaidi wapapa wanaosukuma makala kutoka porini mpaka Lubumbashi. Kinga moja inabeba mifuko mirefu, uzito unaopita wa mtu mwenyewe, na wanatembea tangu usiku. Kwenye mteremko freni za kinga haziwezi kushika mzigo ule. Wanaushika kwa mgongo na miguu. Shofere anayewapigia honi ili watoke njiani, jioni anakula bukari iliyopikwa kwa makala yao.

7. Tunaomba nini?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, kuna sheria juu ya nyumba. Zamani zile watu waliikaa juu ya dari la nyumba, na Mungu aliomba mwenye kujenga azungushe ukuta mdogo huko juu, ili mtu asianguke. Mwenye nyumba hakungojea kwanza mtu afe. Vilevile freni, kioo chekundu na kukaa kuume ni ukuta mdogo tunaojenga mbele ya ajali. Kumwomba Mungu atulinde njiani ni vizuri, lakini kuomba hivyo juu ya kinga isiyo na freni ni kumjaribu.

Kwa hiyo komite ya wanafunzi inaomba mambo matatu. La kwanza: kila mwenye kinga aikague posho, freni, mipira, kengele na kioo, wenye ufunguo wa kufungulia magurudumu wawasaidie wadogo. La pili: tukitoka masomoni, tupite mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kuume, si wanne kwa mstari mmoja kama watu wa ndoa. La tatu: wakubwa wasimame kwenye godro saa ya kutoka, mpaka watoto wa madarasa ya chini wamevuka wote. Hiyo ya tatu sisi wa darasa la mwisho tumekubali kuianza, kwa zamu, na majina yatawekwa kwenye ubao.

Tutembee vizuri, na tufike sote.

Kwa jina la komite ya wanafunzi,
Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho