Utafiti wa Ugonjwa wa Kusahau Uanzie kwa Mzee Mwenyewe

Ndugu msikilizaji, tumchukue bibi wa miaka 80 kijijini Mvumi, wilayani Kilosa. Mtaalamu anafika na karatasi yake: "Bibi, shikamoo. Leo tarehe ngapi? Hebu nichoree saa." Bibi hajapata kushika kalamu maishani mwake. Akishindwa, je, ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu ubongo na kumbukumbu, au hakusoma tu?

Hicho ndicho kiini cha mazungumzo yetu juma hili. Utafiti wa kujaribu tiba hauna budi kuanza na kipimo cha haki. Kipimo kikikosea, wazima watahesabiwa wagonjwa, na tiba itasifiwa au kulaumiwa bure.

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu walitengeneza kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hukumbuka maneno aliyotajiwa, hutaja wanyama, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Huko huko ikajaribiwa tiba isiyo ya vidonge, iliyobuniwa Uingereza. Wazee hukaa kikundi wakizungumza na kuchangamsha akili, mara 2 kwa juma kwa majuma 7. Walishiriki wazee 34. Waligawanywa kwa kura: baadhi walianza mara moja, wengine wakangoja zamu. Kwa nini? Mgonjwa akipata nafuu, bila wa kumlinganisha naye, huwezi kujua kilicholeta nafuu hiyo. Na kwa mtindo wa zamu, hakuna aliyenyimwa tiba.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha nafuu katika kufikiri, na wasiwasi kupungua. Kati ya vikao 14, asilimia 85 ya wazee walihudhuria 13 au vyote.

Hata hivyo, wazee 34, karibu wote wanawake, ni wachache mno kuamulia nchi nzima. Hapana budi majaribio makubwa zaidi yafanyike.

Na yakifika Mvumi, maswali yaulizwe mapema. Nani atamleta bibi kikaoni wakati wa palizi, nyumba nzima ikiwa shambani? Ridhaa itaombwa kwa bibi mwenyewe, au kwa mwanawe peke yake? Watafiti wakishafunga virago, nani ataendeleza vikao?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akija na utafiti, tuhakikishe mwenyeji anapona kweli.

Hadi juma lijalo, kwaherini.